Ian Curtis: Aliimba maumivu yake, watu wakapiga makofi

Hiyo tisheti ushaiona. Ni nyeusi, na kifuani ina mistari myeupe iliyopandana kama vilima vilivyochorwa na mtoto mwenye haraka. Haina jina la mtu, haina nembo ya kampuni. Pita Gikomba ama Toi siku robota jipya linafunguliwa na huenda usiikose. Nimeiona kwa makanga wa matatu, nimeiona kwa muuza mayai, hata kanisani nimeiona. Ukiuliza wanaoivaa, huyu atakwambia ni milima, yule atakwambia ni mapigo ya moyo.

Wa mapigo amekaribia, ila si ya moyo. Ni ya nyota. Mwaka 1967 mwanafunzi wa Cambridge, Jocelyn Bell, alinasa ishara za redio kutoka angani zilizokuwa zikija kila baada ya sekunde moja na kitu, bila kukosa. Zilitoka kwa kitu kilichopewa jina CP 1919: mabaki mazito ya nyota iliyokwisha kulipuka, yanayozunguka kama pia. Mchoro wa mapigo hayo ukaingia kwenye kitabu cha elimu ya nyota, na mwaka 1979 bendi moja ya Manchester, Uingereza, ikauomba uwe jalada la albamu yake ya kwanza. Msanii Peter Saville aligeuza rangi, nyeupe ikawa nyeusi, na mbele hakuandika jina la bendi wala la albamu.

Bendi iliitwa Joy Division. Albamu iliitwa Unknown Pleasures. Aliyeimba ndani yake alikuwa karani wa serikali mwenye umri wa miaka 22, na mwaka mmoja baadaye alikuwa marehemu. Jina lake Ian Curtis. Leo nakusimulia maisha yake, na nakuonya mapema kwamba mwisho wake ni wa mtu aliyejitoa uhai. Kama uko mahali pagumu siku hizi, isome ukiwa na mtu karibu, ama ruka hadi chini kabisa kisha urudi siku nyingine. Hakuna atakayekulaumu.

Kabla sijaanza, nikwambie nilivyomjua. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imegoma, nakaa bedsitter ya rafiki huko Umoja tukichangia kodi nikipata. Jirani mmoja wa kurekebisha simu alinipa flash yenye nyimbo mia tatu na kitu, zote bila majina, yaani ni Track 1, Track 2, hivyo hivyo. Usiku stima ikipotea nilikuwa nasikiliza kwa simu hadi chaji iishe. Kuna wimbo ulianza na besi peke yake, ikapiga sauti za juu kama gitaa la kawaida, halafu ngoma, halafu sauti ya mwanamume nzito ya chini, isiyo na haraka, ikizungumza juu ya redio na kucheza dansi. Haikuwa sauti ya kijana. Ilikuwa kama ya mzee aliyeona mengi. Nilirudia wimbo huo mara sita. Baadaye nikajua unaitwa Transmission, na kwamba mzee yule alikuwa na miaka 23 alipourekodi, yaani umri niliokuwa nao mimi usiku huo.

Kijana wa Macclesfield

Ian Kevin Curtis alizaliwa tarehe 15 Julai 1956 huko Stretford, karibu na Manchester, akalelewa Macclesfield, mji wa zamani wa viwanda vya hariri ulio kusini mwa Manchester. Baba yake alikuwa polisi. Familia haikuwa na pesa nyingi lakini kijana alikuwa na kichwa, na akiwa na miaka 11 alipata nafasi King's School, shule yenye jina mjini humo.

Huko alisoma sana, lakini si kila mara vile walimu walitaka. Alipenda mashairi, na baadaye vitabu vya watu kama Dostoevsky, Kafka, William Burroughs na J. G. Ballard, waandishi ambao hawakupi usingizi mtamu. Kwenye muziki alimwabudu David Bowie, Iggy Pop, Lou Reed na Jim Morrison wa The Doors. Wengi wao walikuwa watu wa jukwaa kweli kweli, wanaofanya mwili wao kuwa sehemu ya wimbo. Kumbuka hilo, litarudi.

Shule hakuimaliza vile ilivyotarajiwa. Aliiacha akiwa bado kijana, akafanya kazi katika duka la sahani za santuri mjini Manchester, kisha akaajiriwa serikalini. Tarehe 23 Agosti 1975 alimwoa Deborah Woodruff. Bwana harusi alikuwa na miaka 19, bibi harusi 18. Hebu fikiria ulikuwa wapi ukiwa na umri huo.

Nisikudanganye kwamba alikuwa malaika. Deborah aliandika kitabu mwaka 1995, Touching from a Distance, na humo anamweleza mume mpole na mcheshi aliyeweza pia kuwa na wivu mkali na kutaka kumpangia mke maisha. Nampenda sana Ian Curtis kama msanii, lakini nimesoma upande wa Deborah pia, na nakuomba nawe usimfanye mwanamke huyo kuwa mtu wa pembeni katika hadithi. Yeye ndiye aliyebaki na mtoto, na yeye ndiye aliyebaki na maswali.

Shoo iliyozaa bendi

Juni na Julai 1976, Sex Pistols walipiga shoo mbili katika ukumbi mdogo wa Lesser Free Trade Hall, Manchester. Waliohudhuria hawakuwa wengi, lakini ukihesabu bendi zilizotokana na watazamaji hao unashangaa. Muziki ulikuwa panki: nyimbo fupi, kelele, hasira, na wapigaji ambao hawakuwa mafundi. Ujumbe wake kwa kijana maskini ulikuwa rahisi sana. Kama hawa wanaweza, hata wewe unaweza.

Vijana wawili wa Salford, Bernard Sumner na Peter Hook, marafiki tangu shuleni, walikuwa kwenye shoo ya Juni. Hook aliazima pauni 35 kwa mamake, akanunua gitaa la besi. Sumner akashika gitaa. Curtis alihudhuria ile ya Julai. Walipokuwa wakitafuta mwimbaji, yeye ndiye aliyejibu, na wakamchukua bila hata kumjaribu sauti, manake walikuwa wanamfahamu kutoka kwenye shoo hizo na waliona ni mtu wa kuelewana naye.

Mei 1977 walipanda jukwaani mara ya kwanza wakiitwa Warsaw. Mpiga ngoma aliyewafaa walimpata baadaye mwaka huo, Stephen Morris, naye pia mtoto wa Macclesfield. Kwa kuwa London kulikuwa na bendi nyingine yenye jina linalofanana, mwanzoni mwa 1978 wakabadilisha na kuwa Joy Division.

Jina hilo si zuri ukijua lilikotoka. Lilitolewa kwenye riwaya kuhusu kambi za Wanazi, likiwa jina la sehemu ambako wanawake wafungwa walilazimishwa kuwastarehesha wanajeshi. Bendi ilishukiwa kuwapenda Wanazi, nayo ikakataa. Mimi naona ni vijana wa miaka ishirini na kitu waliotaka kushtua watu bila kufikiria ni machungu ya nani wanayoyabeba. Muziki wao naupenda, jina lao sitalitetea.

Walipata meneja, Rob Gretton. Wakapata pia Tony Wilson, mtangazaji wa televisheni ya Granada, aliyewaonyesha kwenye kipindi chake Septemba 1978 na kisha kuwaingiza kwenye lebo yake changa, Factory. Na wakapata prodyusa Martin Hannett, ambaye bila yeye huenda usingewahi kuisikia hiyo tisheti ikiimba.

Aprili 1979 waliingia Strawberry Studios, Stockport. Jukwaani bendi ilikuwa ya kelele na nguvu. Hannett aliivua kelele hizo, akaacha nafasi tupu katikati ya vyombo. Alimfanya Morris apige ngoma moja moja, kila moja irekodiwe peke yake. Alirekodi lifti ya jengo, akaweka sauti ya vioo vikivunjika. Sumner na Hook hawakufurahia matokeo. Walitaka muziki mzito wa jukwaani. Leo hii watu wanajifunza kurekodi kwa kuiga ile albamu waliyoilalamikia. Huo ndio muziki unaoitwa wa baada ya panki: hasira bado ipo, lakini imerudi ndani, imekaa kitandani gizani, inafikiri.

Na ile besi ya sauti za juu niliyokutajia? Hook amewahi kueleza kwamba ilitokana na spika mbovu. Akipiga nyuzi za chini hakusikika kwa sababu gitaa la Sumner lilikuwa likimfunika, basi akahamia juu. Shida ikazaa mtindo. Aliyegundua kwamba ni mtindo alikuwa Ian. Hakupiga vyombo sana, lakini alikuwa sikio la bendi. Wakati wenzake wanapapasa papasa tu mazoezini, yeye alikuwa anawasimamisha na kuwaambia hapo, rudieni hapo. Kisha alikuwa anafungua mfuko wa plastiki uliojaa karatasi, anachomoa maneno yanayofaa, na wimbo unazaliwa.

Karani na yule binti

Sasa tuje kwenye sehemu inayonifanya niandike makala haya.

Mchana, Ian Curtis alikuwa akifanya kazi katika ofisi ya ajira ya Macclesfield. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu wenye ulemavu na maradhi ya muda mrefu kupata kazi. Wote wanaomkumbuka wanasema aliipenda na alikuwa mwema kwa wateja wake. Miongoni mwao kulikuwa na binti mwenye kifafa. Alikuwa anatafuta kazi kwa bidii lakini kifafa kikimtokea mbele za watu, kazi inapotea. Siku moja akaacha kuja ofisini. Ian alidhani kapata kazi. Kumbe alikuwa amefariki katika hali ya kifafa. Jambo hilo lilimuumiza, na wimbo She's Lost Control ulitokana na binti huyo.

Tarehe 27 Desemba 1978, bendi ikirudi nyumbani kwa gari baada ya shoo yao ya kwanza London, Ian mwenyewe alishikwa na kifafa humo humo garini. Mwezi uliofuata madaktari wakathibitisha. Yule karani wa kuwasaidia watu wenye kifafa sasa alikuwa mmoja wao, na alijua vizuri sana kilichompata binti yule.

Aprili 1979, mwezi ule ule wa kurekodi albamu, Deborah alijifungua binti yao, Natalie. Wanaosimulia wanasema Ian alikuwa anaogopa kumbeba mtoto, asije akashikwa na kifafa akiwa naye mikononi. Kaa na hilo kidogo. Baba wa miaka 22 anaogopa mikono yake mwenyewe.

Pengine nawe umewahi kusoma na mtu mwenye kifafa. Sisi darasa la sita tulikuwa naye. Siku alipoanguka, madawati yalisukumwa, nusu ya darasa ikatoka mbio, na kuna walioapa kwamba povu likikugusa nawe umekipata. Mtu mzima akakimbilia kijiko amtie mdomoni. Alipoamka hakukuwa na mtu aliyemkalia karibu, na muhula ukaisha hivyo. Ujinga huo uwe mwisho kwetu. Kifafa hakiambukizi. Si mapepo. Mtu akishikwa, ondoa vitu vigumu karibu naye, muwekee kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu, usimtie chochote mdomoni, usimkandamize, na tazama saa. Ikizidi dakika tano, ama akishikwa tena kabla ya kuzinduka, mtafutie usafiri wa hospitali haraka.

Madaktari wa Ian walimpa dawa nzito, tena za aina kadhaa, wakizibadilisha kutafuta itakayofaa. Dawa za enzi hizo zilikuwa na madhara yake. Zilimlegeza mtu, zikamvuruga hisia. Aliambiwa alale mapema, aache pombe, aepuke taa za kumemeta. Sasa niambie, ni mwimbaji gani wa bendi anaweza kuishi hivyo? Shoo zinaisha saa nane za usiku. Safari ni za usiku. Na taa za jukwaani kazi yake ni kumemeta.

Ile dansi

Ukitafuta video zake, utaona anavyocheza. Mikono inakwenda kwa kasi kama ya mtu anayekimbia papo hapo, macho yametoka, kichwa kinatupwa. Dansi hiyo ilifanana na kifafa. Alikuwa ameianza kabla ya ugonjwa kujulikana, na baada ya hapo mstari kati ya dansi na ugonjwa ukazidi kufifia. Mara nyingine ilianza kama dansi ikaisha kama kifafa, na wenzake jukwaani ilibidi wamtazame ili wajue ni ipi.

Watazamaji hawakujua. Waliona msanii anayejitoa mzima mzima. Wakapiga makofi. Wengine walikuja wakitegemea kuiona.

Mwishoni mwa 1979 aliacha kazi ya ofisini ili azunguke na bendi, wakiwafungulia Buzzcocks katika ziara ya nchi nzima. Januari 1980 wakazunguka Ulaya. Wakati huo alikuwa na uhusiano na mwanamke wa Kibelgiji, Annik Honoré, na ndoa yake ilikuwa inavunjika. Hakuweza kumwacha yeyote, na hakuweza kukaa na yeyote kwa amani. Machi 1980 bendi iliingia studio ya Britannia Row, London, kurekodi albamu ya pili, Closer.

Maneno ya albamu hiyo sitayanukuu. Nitakwambia tu yanahusu nini: mtu aliyeshindwa, anayeomba radhi, anayeaga. Hayajafichwa. Huhitaji mwalimu wa fasihi akufafanulie. Annik alipoyasikia aliingiwa na hofu, akamwambia Tony Wilson kwamba Ian anamaanisha anachokiimba. Wilson akamtuliza, hiyo ni sanaa tu. Na wenzake wa bendi wamekiri mara nyingi katika miaka iliyofuata kwamba hawakuwa wakiyasikiliza maneno. Walikuwa wanashughulika na vyombo vyao. Ian alikuwa anaimba nyuma ya maikrofoni ile ile, mita mbili kutoka kwao.

Siwasuti. Walikuwa vijana wa miaka 22, 23, 24, wavulana wa Salford na Macclesfield waliolelewa kwamba mwanamume akiulizwa hali yake anasema yuko sawa. Ian naye, kila akitoka kwenye kifafa, alikuwa anawaambia yuko sawa, twende kazi. Wakamwamini kwa sababu kumwamini kulikuwa rahisi. Mimi na wewe tungefanya nini? Tuna marafiki wangapi wanaosema wako poa?

Wiki sita

Tarehe 4 Aprili 1980 walikuwa na shoo mbili London usiku mmoja. Ya kwanza ilikuwa ukumbi wa Rainbow. Meneja alikuwa ameomba taa za kumemeta zisiwashwe. Ziliwashwa. Ian akayumba kinyumenyume, akaangukia ngoma za Morris, akabebwa hadi chumba cha nyuma. Alipozinduka alisisitiza waende kwenye shoo ya pili, kwa kuwa walikuwa wameahidi. Wakaenda. Huko nako kikamshika tena.

Siku mbili hivi baadaye alikunywa dawa zake kupita kiasi, akakimbizwa hospitali, akaokolewa. Tarehe 8 Aprili, yaani hata wiki haijaisha, alikuwa kwenye ukumbi huko Bury, bendi ikiwa na shoo. Hakuwa na hali ya kuimba shoo nzima, basi waimbaji wengine wakasaidia, naye akaimba nyimbo chache tu. Watazamaji walikasirika, chupa zikarushwa, ukumbi ukawa vurugu. Inasemekana Ian alilia, akijilaumu kwa yote.

Ukisoma hapa unataka kupiga kelele. Simamisheni! Mpelekeni nyumbani, futeni shoo, Marekani itangoja! Kuna shoo zilizofutwa mwezi huo, kweli, na kuna watu waliomkaribisha kwao apumzike. Lakini gurudumu lilikuwa linazunguka. Ziara ya Marekani ilikuwa imepangwa, ndiyo ndoto ya kila bendi ya Uingereza, na yeye mwenyewe alikuwa anawaambia anaingoja kwa hamu.

Tarehe 2 Mei walipiga Chuo Kikuu cha Birmingham. Huko waliimba wimbo mpya unaoitwa Ceremony. Hiyo ikawa shoo ya mwisho.

Jumamosi tarehe 17 Mei alikuwa nyumbani kwake Barton Street, Macclesfield. Deborah alikuwa ameanza mchakato wa talaka. Usiku huo alimsihi auache. Kisha akamwomba amwache peke yake hadi asubuhi. Jumatatu bendi ilikuwa ipande ndege kwenda Marekani.

Jumapili asubuhi, tarehe 18 Mei 1980, Deborah alirudi akamkuta amejitoa uhai. Alikuwa na miaka 23, imebaki miezi miwili afikishe 24. Mtoto wao alikuwa na mwaka mmoja na mwezi. Namna alivyofanya sitakueleza, haikusaidii kitu.

Pesa na sifa zilipofika

Mwezi uliofuata singo ya Love Will Tear Us Apart ilitoka, ikafika nambari 13 katika chati za Uingereza. Julai ikatoka Closer, ikafika nambari 6. Hakuna kitu cha Joy Division kilichokuwa kimefika huko akiwa hai. Wimbo Atmosphere, ambao kwangu ndio wimbo wao mzuri kuliko zote, ulikuwa umetoka Machi kupitia lebo ndogo ya Ufaransa kwa nakala 1,578 tu. Siku hizi unasikika hata kwenye mazishi.

Wenzake walikuwa wamekubaliana zamani kwamba mmoja akiondoka jina linaondoka naye. Wakatimiza. Wakajiita New Order, Sumner akaanza kuimba, Gillian Gilbert akajiunga kwenye kinanda, na wimbo wao wa kwanza ulikuwa ule ule Ceremony. Mwaka 1983 walitoa Blue Monday, ambao ni kati ya nyimbo za dansi zilizouzwa zaidi Uingereza. Wanasema ilichukua miaka mingi kabla waweze kuongea juu ya Ian bila mzaha wa kujikinga. Mpigapicha Anton Corbijn, aliyewapiga picha enzi hizo, alitengeneza filamu ya maisha yake, Control, mwaka 2007. Itazame ukipata.

Jiwe la kumbukumbu yake lipo makaburini Macclesfield. Lina jina lake, tarehe ya kifo, na jina la ule wimbo wa mapenzi. Mwaka 2008 mtu aliliiba, likawekwa jingine. Na mwaka 2012 Disney walitoa tisheti yenye ile mistari ya nyota ikichora kichwa cha Mickey Mouse, watu wakapiga kelele, ikaondolewa sokoni. Unaona biashara inaweza kufika wapi.

Kuna wanaopenda kusema kifo chake ndicho kilichomfanya mkubwa. Nimelisikia hilo hata kwa wasanii wa hapa kwetu, kwamba msanii wa kweli lazima ateseke, tena akifa kijana ndiyo safi zaidi. Mimi nakataa. Unknown Pleasures ilirekodiwa na mtu aliye hai, anayeamka asubuhi kwenda ofisini, ana mke mjamzito na mfuko wa plastiki wa karatasi. Ilikuwa kubwa tayari. Kifo hakikuongeza hata noti moja. Kilitunyima albamu ya tatu, ya nne na ya kumi. Kilimnyima Natalie baba.

Kuhusu yale maneno, nakuachia ombi moja. Una rafiki anayeandika mistari, anarap, anaposti statasi saa tisa usiku kisha anafuta. Kesho yake mnamwekea emoji ya moto. Safi, mistari ni mikali. Lakini mpigie. Muulize kama ni wimbo tu au ni yeye. Ukiuliza wazi kama anafikiria kujiua, humtii wazo hilo kichwani, unampa mlango. Akikujibu kwamba ni yeye, usimhubirie, usimwambie wengine wana shida kubwa kuliko zake. Kaa naye, na mtafute mtu wa kusaidia pamoja.

Na kama huyo rafiki ni wewe, piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ama watafute Befrienders Kenya, ama nenda tu hospitali iliyo karibu na useme ukweli. Si lazima maneno yawe mazuri. Si lazima yawe na vina. Sema vile yalivyo, kwa mtu atakayesikiliza, leo kabla hujalala.